Habari Iliyokuja kwa Vidole

Shangazi alikuwa amekwisha kukata shauri kabla chai haijapoa. Aliketi kwenye kiti cha marehemu kaka yake, baba yake Chiriku, akamtazama msichana kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu vya kazini, kisha akasema wazee wa yule kijana anayemchumbia wamepiga simu tena. Wanaomba wapangiwe siku ya kuja kujitambulisha. Jibu wanalitaka leo jioni.

"Na mimi nitawajibu," alisema. "Binti yetu hayuko tayari, basi. Nikikata simu, tumemaliza."

Mama alikuwa akifuta meza iliyokuwa safi tangu alipoanza kuifuta.

"Shangazi, ningoje nirudi kazini," alisema Chiriku.

"Nikikungoja kitabadilika nini? Huyo mwanamume atakuwa ameota ulimi?"

"Nitakuletea jibu mwenyewe. Nipe mpaka jioni."

Shangazi alivuta mdomo, akasema sawa, lakini asilaumiwe mtu akichelewa. Chiriku akachukua mfuko wake akatoka. Ukweli ni kwamba jibu hakuwa nalo. Usiku mzima alikuwa amegeuka ubavu huu na ule akilitafuta, na kila alipodhani amelipata, lilikuwa lile lile la Shangazi, naye hakulitaka.

Jina la Chiriku alipewa na baba yake, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Baba na binti wote walikuwa watu wa maneno. Jioni baba akimwuliza habari za kazini, Chiriku alianzia getini: nani alivaa nini, nani alimnunia nani na kwa sababu gani, mpaka chakula kinapoa na Mama anatishia kukirudisha jikoni. Kwa hiyo watu walicheka sana waliposikia kwamba msichana wa namna hiyo amempenda Fundi.

Fundi alikuwa ndiye mtengenezaji wa mashine kwenye kiwanda cha vitambaa alikofanya kazi Chiriku, mtu mrefu, mpole, mwenye ulimi mzito kupita kiasi. Walimtania kwamba akipiga chafya hupiga nusu, nusu nyingine anaiweka akiba. Ukimsalimu alikujibu. Ukimwuliza swali alikujibu swali hilo, akanyamaza, akakutazama kama mtu anayesubiri basi.

Lakini ndani ya ukumbi wa kufuma mambo yalikuwa mengine. Mashine zile zilipokuwa zikienda zote, mdomo haukuwa na kazi. Hata ukimpigia mtu kelele sikioni, aliona meno tu. Wafanyakazi wakawa wanasema kwa mikono, na kila ishara ilikuwa na maana yake: uzi umekatika, nitolee rola ya kukunjia kitambaa, msimamizi anakuja, mashine hii imekufa. Kuinua mikono yote miwili juu ya kichwa, kuikutanisha na kuishusha kwa nguvu, maana yake ilikuwa zima. Hiyo mgeni alifundishwa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo.

Humo ukumbini Fundi alikuwa msemaji kuliko wote. Mikono yake ilikuwa na utani na adabu, na Chiriku akicheka na mtu mwingine ilikuwa na wivu pia. Alimwiga msimamizi kwa vidole viwili tu na mstari mzima ukavunjika mbavu. Siku alipomwambia Chiriku kwamba anampenda, alikuwa mwisho wa ukumbi, spana mkononi, na kati yao kulikuwa na mashine nyingi zinazonguruma. Chiriku alicheka hadi uzi ukamkatikia. Moyo wake ukaenda tangu siku ile.

Kisha ikaja siku ya simu.

Simu ililia ofisini, na Fundi ndiye aliyekuwa karibu. Baba yake Chiriku alikuwa ameanguka bafuni na hakuinuka tena. Fundi alisikiliza, akaweka simu chini, akaja mpaka mlangoni mwa ukumbi. Akasimama pale pale. Alipopata jicho la Chiriku, alimnyooshea yeye kidole, akaonyesha ndevu kidevuni, yaani mzee wake, kisha akageuza kiganja chini na kukipangusa hewani. Ndiyo ishara ya mashine iliyokufa, ile isiyotengenezeka tena.

Mstari mzima uliiona. Mama Pacha, mwanamke aliyefanya kazi mgongo kwa mgongo na Chiriku, ndiye aliyemdaka asiangukie mashine.

Msiba ulipokwisha Chiriku akarudi kazini, akamkuta Fundi getini. Alimwambia kitu kimoja tu. "Usinisemeshe tena kwa mikono. Ukiwa na neno, nililetee kwa mdomo."

Maskini Fundi alijaribu. Jioni alisimama getini, akasema habari za kutwa, akameza mate, akatazama viatu vyake, na wafanyakazi wakapita wakimhurumia. Kesho yake, ndani ya ukumbi, mikono ikamponyoka yenyewe: kiganja kifuani, viganja wazi, kuomba. Chiriku akampa kisogo. Ikawa ndiyo desturi yao. Akiona mikono ile inainuka, anageuka.

Shangazi naye habari ile aliipata msibani kutoka kwa wanawake wa kiwandani, na haikumtoka. Alisema kaka yake hakuwa mashine mbovu. Alisema mtu anayeweza kuleta kifo kwa vidole, kesho mtoto akiumwa ataleta habari kwa filimbi. Mama hakuwa na maneno hayo makali, lakini alikuwa ameuliza mara moja, kwa sauti ya chini, kama huyo kijana alishindwa kutembea hatua chache.

Swali hilo la Mama lilimchoma Chiriku kuliko yote ya Shangazi.

Siku hiyo aliyomwahidi Shangazi jibu, aliingia kazini kichwa kimejaa. Fundi alikuwa juu ya ngazi katikati ya ukumbi akibadilisha taa moja baada ya nyingine. Mama Pacha alimkaribisha Chiriku kwa kumminya shavu, akamwuliza kwa mikono kama amelala, akajijibu mwenyewe kwamba sura hiyo haijalala. Wakaanza kazi. Mashine zao mbili ziliunganishwa zamani kwa waya mmoja, na swichi yake ilikuwa upande wa Chiriku. Mama Pacha akitaka kuzima, humgonga mgongoni kwa kiwiko.

Karibu na saa ya mapumziko, kwa pembe ya jicho, Chiriku aliona mikono ya Fundi inakwenda juu.

Ameanza, alijisemea. Leo anapandia ngazi kabisa.

Akamgeuzia uso ukutani. Akainua na kidevu, ili aone vizuri kwamba ameonekana na amekataliwa. Mikono ikarudia, akahisi inarudia, naye akazidi kutazama ukuta. Kisha sakafu ikatikisika chini ya miguu yake. Mtu alikuwa anakimbia. Fundi akampita, akamsukuma bega, akapiga swichi.

Mashine zao mbili zikasimama. Hapo ndipo Chiriku alipogeuka, akamwona Mama Pacha mdomo wazi, mkono wa kushoto umemezwa na rola, mkono wa gauni lake umevutwa ukamkaza mpaka kwapani, amevutwa mbele hata kiwiko hakimfikii Chiriku. Alikuwa akipiga kelele muda wote huo, na kelele hizo hakuna aliyezisikia.

Fundi alizungusha rola nyuma kwa spana, polepole, mashine nyingine nazo zikizimwa, huku akimsemesha Mama Pacha sikioni. Mkono ukatoka. Chiriku aliufunga kwa kitambaa chake cha kichwani, na kabla hajamaliza kufunga, kitambaa kilikuwa kimebadilika rangi. Vidole viwili vilikuwa vimesagika. Nesi wa kiwanda akaja, gari likaja, wakamchukua. Msimamizi alisema watu warudi kazini, isipokuwa Chiriku, kwa sababu mashine yake ilibaki imezimwa. Akampa kazi nyingine: awajulishe watu wa nyumbani kwa Mama Pacha. Piga simu au andika ujumbe, alisema, ila wajue upesi.

Chiriku akaketi kwenye jiwe nje ya geti, simu mkononi. Mume wa Mama Pacha alikuwa safarini. Nyumbani kulikuwa na mama mzazi wa Mama Pacha, Bibi wa watu mwenye moyo unaoruka mapigo, na pacha wadogo. Chiriku alikuwa na namba ya Bibi. Aliandika, akafuta. Akaandika tena.

Fundi alitoka getini. Alikuja akasimama mbele yake, mikono ameizamisha mifukoni hadi kwenye viwiko, kama mtu anayeificha.

"Umeshampigia?"

"Naandika."

Akamwonyesha. Fundi akainama akasoma: Mwanao ameumia kidogo kazini, yuko hospitali, usijali.

"Kidogo?" aliuliza.

"Basi niandike nini? Niandike vidole vimesagika? Bibi wa watu asome hivyo yuko peke yake na watoto?"

"Hapana."

"Nimpigie?"

Fundi alifikiri. "Akianguka, utamshikaje?"

Chiriku akamtazama. Damu ilimpanda kichwani. "Na wewe ndiye wa kuniambia hivyo? Kati ya watu wote?"

"Ndiyo," alisema Fundi. "Mimi."

Hakuwa na jeuri usoni. Chiriku alitaka kumtukana na tusi alikuwa nalo tayari, lakini simu ilikuwa bado inawaka mkononi mwake, na lile neno kidogo lilikuwa bado linasomeka. Alikuwa ameliandika ili asiione sura ya yule Bibi. Hakukuwa na sababu nyingine. Akafuta ujumbe wote, akainuka.

"Twende," alisema. "Tutembee upesi."

Njia ilipita nyuma ya maduka ya vyuma, kisha uchochoro wenye maji ya sabuni. Walikwenda bega kwa bega bila kugusana. Chiriku ndiye aliyeanza.

"Niliiona mikono yako."

"Najua."

"Hujui. Niliiona nikageuka kwa makusudi. Nilidhani unaniomba tena."

"Najua, Chiriku. Nilikuwa juu ya ngazi. Nilikiona kidevu."

Chiriku alisimama, akaushika ukuta wa mtu. Alisema vile vidole ni deni lake, ni yeye aliyevikata, Mama Pacha aliyemdaka siku ile asianguke, na malipo yake ndiyo haya. Alisema mengi, yakiwa yamechanganyikana na makamasi. Fundi alimsubiri mpaka akaishiwa.

"Ile ishara niliiharibu mimi," alisema.

"Umeiharibuje? Zima ni zima."

"Mikono ile ni ya kazi. Ipo ili mtu asikatwe. Mimi nikaifanya ya mapenzi, sawa, tulicheka. Halafu nikaifanya ya msiba. Ukaacha kuitazama. Mtu akiacha kuitazama mikono ya fundi humo ndani..." Akapangusa uso kwa bega. "Leo ilikuwa na la kweli la kusema, na wewe ulishaichoka."

Chiriku hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna hiyo. Alimtazama kama anayemwona mtu aliyerudi kutoka mbali. Ndipo akamwuliza swali la Mama, lile lililomchoma.

"Siku ile ulishindwa kutembea?"

"Sikushindwa."

"Kwa hiyo?"

Fundi alitoa mikono mifukoni, akaiangalia, akairudisha. "Nilifika mlangoni. Nikakuona unafunga uzi, unacheka na Mama Pacha. Nikajua nikija karibu utalia, na mimi sijui mtu anayelia anashikwaje. Nyumbani kwetu mtu akilia tunatoka nje. Nikasema ngoja niseme nikiwa huku huku. Ikawa upesi. Nikaona nimekusaidia uwahi."

"Nilikuwa niwahi wapi? Alikuwa ameshakufa."

"Ndiyo."

Chiriku angependa aongeze, ajitetee, ili apate pa kumshambulia. Walipofika mwisho wa uchochoro alikuwa hajamsamehe, ila ile hasira aliyoizoea, aliyolala nayo na kuamka nayo, ilikuwa imemwacha mikono mitupu. Na mbele yao palikuwa na mlango wa Bibi.

Bibi alikuwa uani akianua nguo. Pacha walikuwa wakimwagiana maji kwa kopo. Alipowaona alitabasamu, akauliza mbona kutwa ya kazi wanatembea, wamefukuzwa? Chiriku akamsalimu, akamwomba aketi. Bibi akaketi, nguo mapajani.

Ulimi wa Chiriku, ambao haukuwahi kumsaliti, ukaanza safari yake ya kawaida. Alianzia asubuhi. Alisema Mama Pacha aliamka na furaha leo, alimminya shavu, na mashine unajua Bibi zile za kwetu ni za zamani, waya wake umeungwa, na taa zilikuwa zimeungua, sasa Fundi huyu akapanda ngazi. Alikuwa akimzungukia Bibi ili amfikishe taratibu, asimtie mshtuko. Aliona kuwa ndiyo heshima. Lakini kila neno lilivyoongezeka, uso wa yule mzee ulizidi kukauka. Vidole vyake vilianza kusokota shati la mtoto. Midomo ikawa ya kijivu. Chiriku aliyaona yote hayo na hakuweza kusimama. Akaendelea na ngazi, na saa ya mapumziko, na rola inavyozunguka.

"Mjukuu wangu," Bibi alimkata, sauti imemkauka. "Mwanangu yu hai au hayupo?"

Chiriku akafungua mdomo. Kilichomjia ulimini kilikuwa ile ngazi tena.

Fundi ndiye aliyechuchumaa. Alishuka chini kabisa, magoti kwenye vumbi, uso wake ukawa chini ya uso wa Bibi, akaushika mkono wake pamoja na lile shati.

"Yu hai, Bibi. Ameumia vidole viwili vya mkono wa kushoto. Anaongea. Yuko hospitali na nesi yuko naye."

Basi. Bibi akavuta pumzi ambayo ilikuwa kama haifiki mwisho. Aliuliza tena, yu hai, na Fundi akajibu tena, yu hai, kwa sauti ile ile, wala hakuuondoa mkono wake. Pacha waliacha maji wakaja kusimama mlangoni. Taratibu rangi ikamrudia yule mzee.

Chiriku aliyatazama hayo na kitu kikamfunguka kifuani. Maneno ya Fundi yalikuwa machache kama ya siku ile. Hayakuzidi. Ila leo alikuwa pale chini, mkono wa Bibi umo mkononi mwake, na kama Bibi angeanguka angemwangukia yeye.

Baada ya hapo Bibi alitaka kujua yote, na sasa maneno mengi yakapata nafasi yake. Chiriku alieleza hatua kwa hatua, hakuficha. Alipofika pale alipogeuza uso, alipasema pia.

"Ukaiona mikono ya huyu, ukageuka," alisema Bibi.

"Ndiyo, Bibi."

Bibi alimtazama muda mrefu. Hakuwa mkali, wala hakuwa mpole.

"Hilo mimi sina la kulisema. Mwenye vidole yuko hospitali," alisema. "Nitafutie viatu vyangu."

Watoto walibaki kwa jirani. Hospitali waliambiwa Mama Pacha amechomwa sindano amelala, na anayeruhusiwa kuingia ni mmoja. Bibi akaingia. Chiriku na Fundi wakabaki kwenye benchi la ukumbini, chini ya dirisha, watu wakipita na vitambaa na chupa za maji. Jua lilikuwa limeanza kuelekea machweo.

"Kesho nitakuja kumwambia," alisema Chiriku. "Akiwa macho."

"Nije na wewe?"

"Hapana. Hilo langu."

Fundi akatikisa kichwa kukubali. Wakakaa. Kisha akasema, kwa shida, kwamba anajua wazee wake wameomba jibu leo, na kwamba kama hiyo inamkera atawapigia waache.

Chiriku alikuwa akitazama ukuta wa mbele, uliopigwa rangi nusu.

"Niambie tena," alisema.

"Nikuambie nini?"

"Habari za baba yangu. Niambie kama ilivyopasa. Mimi sijaambiwa bado. Nilionyeshwa."

Fundi aliganda. Chiriku alidhani atainuka aende zake, na akajua kwamba akiinuka, jibu la Shangazi litakuwa ndilo, na hata halitamuuma tena. Lakini Fundi alisogea. Alisogea kwenye benchi mpaka goti lake likagusa la Chiriku, akageuka amwelekee, akatoa mikono mifukoni na kuiweka kwenye mapaja, wazi, isiyokuwa na kazi.

"Chiriku," alisema. "Wamepiga simu kutoka kwenu." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Baba yako ameanguka asubuhi hii. Wamejaribu kumwinua. Baba yako amefariki."

Chiriku alikuwa ameyajua maneno hayo siku zote hizo. Lakini hayakuwahi kuingia kwa mlango wa masikio, kutoka kwa mtu anayempenda, macho kwa macho. Yalipoingia, kilio kikatoka, kizito, kile ambacho msibani hakikutoka. Pale msibani watu walimsifu kwamba amejikaza. Leo alijikunja juu ya benchi la hospitali akalia hadi mbavu zikamuuma, na wapita njia wakageuza nyuso kwa heshima, wakidhani ndiyo kwanza amefiwa.

Fundi hakujua amshikeje, kama alivyosema. Kwanza alimshika kiwiko. Akaona hapana, akamshika bega. Mwishowe akamzungushia mikono yote miwili, imekakamaa, mbali kidogo na mwili wake, kama mtu aliyepewa kioo kikubwa cha dirisha akivushe barabara. Kifungo cha shati lake kilimkwaruza Chiriku shavuni. Alikuwa amemkumbatia vibaya kabisa. Chiriku akamwachia uzito wake wote.

"Hivi ndivyo?" alinong'ona Fundi baada ya muda.

"Sivyo," alisema Chiriku puani. "Lakini usiache."

Chiriku alipofika nyumbani, Shangazi alikuwa mlangoni, simu mkononi. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema juu ya kuchelewa, ndipo akaiona damu iliyokaukia kwenye mkono wa blauzi. Mama akatokea nyuma yake, akashika fremu ya mlango.

"Mimi ni mzima," alisema Chiriku kabla ya salamu. "Damu si yangu."

Akawaendea, akawashika wote wawili, akawaketisha. Halafu akawasimulia, na hapo hakupunguza kitu: rola, ukuta, kidevu, yule Bibi na viatu vyake, benchi. Giza lilikuwa bado halijaingia vizuri na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa. Mama alilia kimya kimya simulizi ilipofika pale pa habari kuambiwa upya. Shangazi hakulia. Alisikiliza huku akiizungusha simu kiganjani.

"Ameshakuliza mara mbili, mtu huyo," alisema mwishoni.

"Ya pili alikuwa karibu yangu, Shangazi."

"Karibu. Leo. Na kesho akiogopa tena?"

"Sijui," alisema Chiriku. "Ataogopa. Hata mimi leo niliogopa, nikataka kumwandikia mama wa mtu neno kidogo nimtupie. Sina la kuwaapia."

Shangazi akamtazama Mama. Mama aliupeleka mkono wake juu ya ule wa Chiriku, akauacha hapo, karibu na damu.

Simu ikalia. Wote watatu wakaiangalia ikicheza mkononi mwa Shangazi.

"Ni wao," alisema Shangazi. "Niwaambie nini?"

"Waje."

Shangazi alimngoja aendelee, kwa sababu binti huyu hakuwa na mazoea ya kuishia hapo. Chiriku hakuendelea. Shangazi akashusha pumzi, akapokea, akasalimia kwa sauti kavu isiyokuwa na sukari hata punje. Akasema wanakaribishwa. Akasema, na kijana mwenyewe wamlete, asije akaachwa nje kwenye gari, maana hapa nyumbani kuna mtu anataka kumsikia kwa masikio yake.

Yaliyofuata Chiriku hakuyasikia. Alikuwa ameinuka kwenda kuiloweka ile blauzi, na njiani mawazo yake yalikuwa yamekwisha kufika kwenye kitanda cha Mama Pacha, asubuhi, Mama Pacha amefumbua macho na anamtazama. Atavuta kiti, hilo alilijua. Atakaa karibu. Aliingiza blauzi kwenye maji, maji yakabadilika rangi, na neno la kwanza la kusema akawa bado hajalipata.